Mizani ya Ligi na Lumbesa ya Mabao

Katika bonde la Ziwa Eyasi, chini ya nyanda za juu za Karatu, mahali paitwapo Mang'ola, neno lumbesa halihitaji kufafanuliwa hata kwa mtoto mdogo. Mkulima hung'oa vitunguu vyake, huvikausha, huvikata majani, kisha hungoja mnunuzi aje na lori na magunia. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, na hapo ndipo hila huanza. Kamba hufumwa juu ya mdomo, vitunguu huongezwa, gunia huota kichwa kama mtu aliyevaa kilemba, na hatimaye gunia moja hubeba mali ya gunia moja na nusu huku likihesabiwa kuwa moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu yakataza gunia kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi, na mkulima analijua kuliko wakala, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinama shambani. Lakini mnunuzi ana lori, na kitunguu hakingoji.

Mwezi Februari mwaka 2016 sisi tulikuwa Mang'ola kwa kazi za serikali, tumepanga chumba katika kijiji cha Barazani. Ligi Daraja la Kwanza ya Tanzania Bara ilikuwa imefika mechi za mwisho. Habari zilitufikia kwa redio na kwa simu za vijana, nazo zilikuwa nambari tu. Geita Gold imeifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0. Polisi Tabora imeifunga JKT Oljoro mabao 7 kwa 0. Oljoro ni timu ya mkoa wetu wa Arusha, kwa hiyo tulitazamia vijana wasikitike. Hawakusikitika, walicheka. Mzee mmoja mkulima, asiye mpenzi mkubwa wa mpira, akauliza kicheko kile ni cha nini. Alipoelezwa kwamba timu mbili zilikuwa zikishindania nafasi moja, kwamba pointi zao zilikuwa sawa, na kwamba sasa aliye na mabao mengi zaidi ndiye angepanda, mzee alitamka neno moja tu, lumbesa, kisha akarudia kahawa yake.

Hatujapata kusikia uhakiki mfupi zaidi wa msimu ule, wala ulio sahihi zaidi. Yote tutakayoyasema katika makala haya ni ufafanuzi wa neno lile la mzee.

Huenda msomaji, hasa mwalimu wa fasihi, akauliza mshairi ana shauri gani na jedwali la ligi. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na Bunge lilipotunga sheria ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, nchi hii ilikwisha kukubali kwamba mambo wayatendayo wananchi kwa furaha, bila kulazimishwa, ni sehemu ya utu wao. Nasi tunakwenda hatua moja mbele zaidi. Twadai kwamba msimu wa ligi ni utungo. Ni utungo wa watu wengi, unaotungwa kwa miezi, na hakuna hata mmoja wa watunzi wake ajuaye mshororo wa mwisho utakuwaje. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Mtu aliyekwisha kuujua mwisho na akauficha, huku wenziwe wakiendelea kutunga, si mtunzi tena.

Tuanze na jina, kwa kuwa katika utungo jina si jambo dogo. Kwa miaka mingi ligi ya pili kwa ukubwa hapa kwetu iliitwa Daraja la Kwanza, maana juu yake ilikaa Ligi Kuu. Wanafunzi walitatizika: iweje la kwanza liwe la pili? Lakini neno daraja lilikuwa na hekima yake. Daraja ni cheo, na daraja ni kile kipitishacho watu juu ya mto. Timu iliyokuwa Daraja la Kwanza ilikuwa kweli juu ya daraja, upande mmoja vumbi la mikoani, upande wa pili viwanja vijaavyo watu. Mwaka 2021 ligi hiyo ikapewa jina la Championship, na ile ya chini yake, iliyokuwa Daraja la Pili, ikaitwa First League. Hatuoni tulichokipata katika mabadiliko hayo. Tulikuwa na neno moja lenye maana mbili, tukalibadilisha kwa maneno ya kigeni ambayo mkulima wa Mang'ola huyatamka bila kuona picha yoyote. Lakini hili si shauri letu la leo. Tulitaje tu, tupite.

Daraja hilo si la kupuuzwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani katika wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda. Kila mji mdogo wa nchi hii uliokwisha kununua jezi kwa michango unaikumbuka habari hiyo, hata kama waikumbukao hawakuwa wamezaliwa. Kwa ajili ya habari ya namna hiyo vijana husafiri kwa basi kutoka Arusha hadi Kigoma, hulala wanne wanne katika nyumba ya wageni, hucheza mbele ya watu mia tatu, kisha hurudi. Hakuna kamera inayowafuata. Mashahidi wao ni mwamuzi, watazamaji wachache, na nambari ile isomwayo redioni mwishoni mwa habari za michezo, baada ya Simba na Yanga kwisha kuzungumzwa hata mafua yao.

Msimu wa 2015/2016 ulikuwa na timu 24 zilizogawanywa katika makundi matatu, A, B na C, kila kundi timu 8. Kila timu ilikutana na nyingine nyumbani na ugenini, yaani mechi 14 kwa kila timu na mechi 56 kwa kila kundi. Kutoka kila kundi ilipanda timu moja tu. Mwanafunzi aitazame sana kanuni hiyo ya timu moja, kwa kuwa ndiyo chanzo cha mengi. Aliyekuwa wa pili alipata sawasawa na aliyekuwa wa tano, yaani hakupata kitu. Kundi A likamtoa African Lyon, Kundi B likamtoa Ruvu Shooting, na hao walipanda bila kelele. Kundi C lilikuwa kundi la masafa marefu, Geita na Tabora, Mwanza na Kigoma, na Arusha huku mbali upande wa mashariki. Huko Geita Gold na Polisi Tabora zilifikishana mpaka siku ya mwisho, zikiwa bega kwa bega.

Basi, mechi 52 zilikwisha kuchezwa katika kundi hilo. Watu walikwisha kuvunjika miguu, makocha walikwisha kufukuzwa, michango ilikwisha kupitishwa sokoni kwa bakuli. Zikabaki mechi 4, na katika mbili kati ya hizo yakaingia mabao 15. Waliofungwa hawakuwa katika mbio za kupanda. Waliofunga walihitaji mabao, wala si mabao ya kushinda tu, bali mabao ya kuzidiana. Hapa ndipo mzee wetu alipoona kilemba juu ya gunia.

Kwa asili kanuni ya tofauti ya mabao si mbaya. Ilitungwa ili timu isiridhike na bao moja ikakaa langoni kwake. Lakini ina tundu moja. Hudhani kwamba kila bao limetoka jasho la pande mbili, mfungaji aliyetaka na mlinzi asiyetaka. Mlinzi akiacha kutokutaka, bao hubaki na umbo lake lote, wavu unatikisika, filimbi inalia, nambari inaandikwa, lakini uzito wake umetoka. Ni kitunguu kilichooza ndani. Gundi la ganda lipo na rangi nyekundu ipo.

Dunia imeliona tundu hilo zaidi ya mara moja. Tarehe 25 Juni 1982, huko Gijón nchini Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria bao 1 kwa 0 katika Kombe la Dunia. Bao liliingia dakika ya kumi. Matokeo hayo yaliwatosha wote wawili kusonga mbele na kuitoa Algeria, iliyokwisha kumaliza mechi zake siku moja kabla. Basi muda uliobaki wakapigiana mpira kama watu wanaorushiana chungwa. Hawakuadhibiwa. Kilichobadilika ni ratiba: tangu Kombe la mwaka 1986 mechi za mwisho za kundi moja huchezwa saa moja. Dawa ile ilikuwa ya busara, lakini ilitibu ugonjwa wa Gijón tu, wa watu wasiotaka kufunga. Kwa wanaotaka kufunga kupita kiasi, saa moja au saa mbalimbali hazizuii kitu.

Mfano wa pili twaupenda zaidi, nao ni wa jirani zetu wa ng'ambo ya bahari. Tarehe 31 Oktoba 2002 huko Madagaska, timu ya AS Adema iliifunga SO l'Emyrne mabao 149 kwa 0. Yote 149 waliyafunga SO l'Emyrne wenyewe, langoni mwao, kwa makusudi. Walikuwa wakilalamikia uamuzi wa refa katika mechi iliyotangulia, ambao waliona umewanyang'anya ubingwa. Kocha wao na baadhi ya wachezaji wakafungiwa, na twadhani ilistahili. Hata hivyo, mhakiki hawezi kuzitia mechi hizo mbili, ya 149 na ya 8, katika kapu moja. Ile ya Madagaska ni kejeli. Msemaji wake asema wazi: tazameni, nauharibu mchezo wenu kwa sababu umekwisha kuharibika. Hakuna aliyedanganywa. Mabao 8 ya Kundi C yalitaka kuaminiwa.

Tofauti hiyo wanafunzi wa ushairi wanaijua, ingawa huenda hawajui kuwa wanaijua. Uwanja mkubwa wa Arusha, ambao JKT Oljoro waliwapokelea Simba na Yanga baada ya kupanda Ligi Kuu mwaka 2011, kabla hawajashuka mwaka 2014, unaitwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Vijana wengi huingia mle kwa tiketi, hushangilia, hutoka, wala hawaulizi Amri Abeid alikuwa nani. Alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, akafariki mwaka 1964 angali kijana. Kwetu sisi ni zaidi ya hayo. Ndiye aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954, ambacho vizazi vya watunzi wa bara vilijifunzia vina na mizani. Hatujui nchi nyingine yoyote ambayo watu wake huenda kutazama mpira ndani ya jina la mtu aliyewafundisha kupima mishororo. Bahati hiyo yafaa tuitumie.

Mizani, katika ushairi wetu, ni hesabu ya silabi. Shairi la kawaida huwa na mizani kumi na sita katika mshororo, nane na nane. Na mizani, sokoni, ni chombo cha kupimia uzito. Neno ni moja, nalo halikukosea, kwa maana kazi ni moja: kumhakikishia asiyekuwapo kwamba kilichotajwa ndicho kilichomo. Mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam hakuwapo shambani Mang'ola. Msikilizaji wa shairi hakuwapo mshairi alipokuwa akikuna kichwa usiku. Na mkulima wa Barazani hakuwapo Tabora mabao saba yakiingia. Wote watatu wanategemea mizani.

Sasa yatupasa tuungame jambo. Kila mshairi wa mapokeo amepata kujaza mizani. Fikra imekwisha kwenye silabi ya kumi na mbili, nne zimebaki wazi, nawe umechoka, na shughuli ni kesho. Utafanya nini? Utatia "jamani", utatia "nasema", utatia "kwa yakini", hata mshororo utimie. Ukihesabu, ni kumi na sita. Sisi tulipata kutunga shairi la beti ishirini kwa ajili ya sherehe moja ya kitaifa, na tukilisoma leo twaona beti saba ambazo hazina kitu ila ushangiliaji wa kujazia. Lilisomwa, likapigiwa makofi, tukapewa cheti. Cheti hicho tunacho. Hatukitundiki ukutani.

Katika miaka ya sabini kulizuka mabishano makubwa kuhusu mizani. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kale, na washairi wengi wa mapokeo wakahamaki. Sisi tulipofika shule ya sekondari tuliyakuta mabishano hayo yakali moto, na kwa kuwa tulikwisha kujifunza kuhesabu silabi, tukasimama upande wa wenye kuhesabu. Bado tumesimama huko. Lakini umri umetufunza kumtenga Kezilahabi na mshairi mwenye kujazia. Kezilahabi aliitua mizani chini mbele ya watu wote akasema haitumii. Mjazaji anaishika mkononi, anaionyesha kwa watu, huku kidole chake kimekandamiza upande mmoja. Wa kwanza unaweza kubishana naye maisha yako yote na ukamheshimu.

Mwezi Aprili mwaka 2016 kamati ya nidhamu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania ilitoa hukumu. Iliona kwamba matokeo ya mechi zile mbili yalipangwa. Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro zikashushwa hadi Daraja la Pili, JKT Kanembwa ikashushwa chini zaidi, hadi ligi ya mkoa, na baadhi ya watu waliohusika wakafungiwa. Nafasi ya Kundi C ya kupanda Ligi Kuu akapewa Mbao wa Mwanza.

Huku Mang'ola hukumu ilipokewa kwa ukimya. Kucheka kulikuwa kumekwisha. Kijana mmoja fundi wa pampu za maji alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo: kosa la mchezaji wa akiba wa Oljoro ni lipi, yule ambaye hakupanda hata basi la kwenda Tabora? Ni kweli. Klabu ina watu wengi, na adhabu ya klabu huwaangukia wote kama mvua ya mawe. Tumelifikiri swali hilo kwa miaka, na leo jibu letu ni kwamba hukumu ilikuwa ya haki. Mahali penye zamu za maji, kama Mang'ola ambako mifereji kutoka chemchemi za Qangdend hunywesha mashamba ya watu wa kabila mbalimbali, Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu, na wageni waliokuja kwa ajili ya vitunguu, mtu akifungua maji usiku nje ya zamu yake, hasara haiwi ya jirani mmoja. Zamu yenyewe huacha kuaminiwa, na kila mmoja hulala shambani na jembe. Ligi ni zamu. Mbao wa Mwanza walikuwa wamelima msimu mzima wakingoja maji.

Hata hivyo tuna manung'uniko mawili. La kwanza ni juu ya majina ya timu zilizotajwa, na tunalisema kwa uchungu wa mtu wa ndani, kwa sababu sisi ni watumishi wa umma. Kati ya timu nne, moja hubeba jina la Polisi, na mbili hubeba jina la Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963 ili vijana wajifunze kazi, nidhamu na umoja. Jina la namna hiyo likiwa kifuani mwa mchezaji si pambo. Mkulima anapomwona mtu mwenye jina la serikali hudhani mizani imefika. Ndiyo maana vijana wa Barazani walicheka siku ile ya Februari badala ya kulia. Kicheko chao kilikuwa cha watu ambao wamekwisha kuacha kutazamia, nasi kilituumiza kuliko mabao saba.

La pili ni juu ya lugha. Magazeti, redio, na hukumu yenyewe vilitumia maneno "kupanga matokeo". Kupanga ni neno jema. Tunapanga safari, tunapanga uzazi, tunapanga vitabu rafuni, na nchi yetu ilikuwa na mipango ya maendeleo ya miaka mitano mitano. Mtu aliyepanga amefikiri kabla ya kutenda, na mwalimu humsifu. Ukilitwika neno hilo kosa hili, umelivika koti la ofisini. Vijiweni watu wana neno lao, nao husema "kuuza mechi". Hilo ni neno la soko, linaonyesha muuzaji, mnunuzi na bidhaa, na mara moja msikilizaji hujiuliza ni mali ya nani iliyouzwa. Wapo watakaosema kwamba kuuza kwahitaji fedha, na kwamba si kila mechi ya namna hii hupita fedha. Huenda ni hisani, huenda ni udugu wa viongozi. Sawa. Lakini hata aliyetoa bure ametoa kisicho chake. Walimu wanaofundisha uandishi wa habari wangefanya wema kama wangelirudisha neno la vijiweni darasani.

Na yapo ya kuogopwa zaidi ya hayo. Mabao 8 na mabao 7 yalikamatwa kwa sababu yalikuwa mengi. Yalikuwa lumbesa ya kijinga, gunia lenye kilemba kirefu hata mtu wa barabarani akaliona. Mjanja wa kweli hafanyi hivyo. Mjanja huongeza vitunguu vitatu tu, chini ya mdomo, hushindilia vizuri, hushona gunia likawa tambarare. Mechi ya mabao 2 kwa 1 iliyouzwa husomwa redioni kama mechi nyingine yoyote, na hakuna mzee atakayeshusha kikombe chake. Tunapowaadhibu waliofunga manane na kwenda zetu nyumbani, tunaweza kuwa tumewafunza wengine hesabu tu. Katika ushairi vilevile, mhakiki mvivu hukamata shairi lenye mizani kumi na saba na kuacha kupita lile lenye kumi na sita kamili lisilo na neno hata moja la kweli. Ni vigumu kulikamata hilo la pili. Lazima ulisome.

Yaliyofuata baada ya hukumu yana mambo ya kutafakari. Mbao, waliopanda kwa meza wala si kwa jedwali, walibezwa sana mwanzoni. Msimu uleule wa kwanza walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyochezwa Dodoma mwezi Mei mwaka 2017, wakafungwa na Simba mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Geita nao walirudi chini, wakacheza tena viwanja vya vumbi, wakapanda Ligi Kuu mwaka 2021. Katika msimu wao wa kwanza huko, 2021/2022, wakamaliza nafasi ya nne, na mchezaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Tulipoyasikia hayo tulifurahi kwa namna ambayo hatukuitazamia. Mabao yale 17 yalipatikana mbele ya walinzi wasiotaka. Mji uliowahi kusomwa redioni kwa mabao 8 ya aibu ulisomwa tena kwa mabao yenye uzito, na wasomaji wa habari waliyatamka kwa sauti ileile, kwa kuwa redio haina mizani yake. Kwa upande wa Oljoro hatuna habari ya namna hiyo ya kumletea msomaji, na sisi watu wa mkoa wa Arusha tungependa sana kuwa nayo.

Tulirudi Mang'ola baadaye, wakati vitunguu vimekwisha kung'olewa na mashamba yamelala wazi. Katika shamba moja watoto walikuwa wakicheza chandimu, mpira wao umesokotwa kwa matambara na nailoni za magunia, milango ni mawe mawili huku na mawe mawili kule. Mpira ukapita juu ya jiwe, au kando ya jiwe, nasi tuliokuwa tumesimama mferejini hatukuona vizuri. Upande mmoja wakashangilia. Upande wa pili wakakataa. Mchezo ukasimama, wakabishana kwa Kiswahili, kisha mmojammoja kwa lugha ya nyumbani kwake alipokasirika, kisha kwa Kiswahili tena. Mlinda mlango, mtoto wa kama miaka tisa, akaenda akalala chini penye jiwe ili kuwaonyesha jinsi mpira ulivyopita juu ya kifua chake. Mfungaji akaja akalala kando yake kuonyesha vingine. Tulingoja kuona watakavyoamua, lakini jua lilikuwa likishuka, gari la Karatu likapiga honi, na tulipopanda bado walikuwa wamelala pale chini wote wawili, wakipimana.